Na Sisi Twende Tukalione Korongo



Wewe ni mtu wa Bahi. Miguu yako unaijua. Unakwenda nayo shambani, unakwenda nayo mnadani, na mbuzi akipotea unapanda nayo mawe hadi umpate. Makorongo ya karibu na kijiji chako unayajua moja moja. Sasa nikikwambia kwamba wapo watu wanaotoka ng'ambo, tena kwa nauli ya ndege, ili waje kutembea ndani ya korongo na kupanda mawe, pengine utacheka. Cheka, lakini usifunge kitabu. Nataka kusema jambo ambalo baadhi ya watu hawatalipenda. Korongo hilo na sisi twende tukalione. Na tukienda, tusiende kama watu wasiojua kitu. Tunayo elimu moja ambayo wageni wengi hawana, na kwa kukosa elimu hiyo watu wamekufa.

KORONGO LENYEWE

Korongo hilo liko nchi jirani ya Kenya, karibu na mji wa Naivasha. Kutoka Nairobi ni mwendo wa kilometa 90 hivi. Jina lake la Kimasai ni Ol Njorowa. Mwaka 1984 serikali ya Kenya ililifanya korongo hilo, pamoja na nchi inayolizunguka, kuwa hifadhi ya taifa. Hifadhi inaitwa Hell's Gate, maana yake Lango la Jehanamu. Jina hilo la kutisha lilitolewa na wasafiri wa Kizungu waliofika huko mwaka 1883.

Hifadhi hii ni ndogo. Eneo lake ni kilometa za mraba 68 tu. Serengeti yetu ina zaidi ya kilometa za mraba 14,000. Lakini katika hifadhi nyingi mgeni hukaa ndani ya gari na kuchungulia dirishani. Asiye na gari, au fedha ya kukodi gari, hubaki nje. Hell's Gate siyo hivyo. Hapo mtu anaruhusiwa kuingia kwa miguu yake. Anaruhusiwa pia kuendesha baiskeli. Pundamilia, twiga na swala wanakula majani, na wewe unapita ukiwatazama. Nyati nao wapo, kwa hiyo si mahali pa kutembea huku umesinzia. Lakini hakuna makundi ya simba na tembo kama ya Serengeti.

Fikiri jambo hilo. Hii ni hifadhi ambayo kitu kikubwa kinachotakiwa ni miguu. Nani ana miguu kuliko mtu wa kijijini?

SISI NA WAO TUKO NDANI YA BONDE MOJA

Pengine utasema, "Naivasha iko mbali, inatuhusu nini sisi Wagogo?" Simama hapo Bahi siku ambayo hakuna vumbi. Tazama upande wa magharibi. Utaona ukuta mrefu wa milima. Ndiyo milima ya Kilimatinde. Reli inayokwenda Tabora inafika chini ya ukuta huo pale Saranda, kisha inaupanda polepole kuelekea Manyoni. Ukuta huo haukujengwa na mtu, wala si mlima wa kawaida. Ni ukingo wa Bonde la Ufa.

Zamani za kale sana ardhi ilipasuka. Sehemu moja ikashuka chini, na sehemu nyingine zikabaki juu kama kuta. Ufa huo unatoka Ethiopia, unapita Kenya, unaingia Tanzania. Ziwa Naivasha limo ndani ya bonde hilo. Ziwa Natron limo. Ziwa Manyara limo. Na Bahi imo.

Tena kuna jambo jingine tunalofanana. Maji ya mbuga ya Bahi hayaendi baharini. Mito inaleta maji wakati wa mvua, maji yanatanda, kisha jua linayakausha. Ziwa Naivasha nalo leo halina mto unaotoka juu ya ardhi kwenda baharini. Lakini zamani ziwa hilo lilikuwa kubwa zaidi kuliko lilivyo sasa. Lilijaa mpaka likafurika kwa upande wa kusini. Maji yale yaliyofurika ndiyo yaliyolichimba korongo la Ol Njorowa. Yalikata mawe ya volkano, mwaka baada ya mwaka, mpaka kuta zikawa ndefu pande zote mbili. Ziwa liliposhuka, korongo likabaki kavu.

Lilibaki kavu kwa macho tu. Nitarudi kwenye neno hilo.

NANI AMETUAMBIA KWAMBA HIFADHI SI ZETU?

Nimewasikia watu wazima wenye akili wakisema kwamba kutembelea hifadhi ni kazi ya Wazungu. Wengine wanasema ni kazi ya wanafunzi. Mkulima akitembea bila jembe wala ng'ombe mbele yake, ataonekana mvivu.

Mimi sikubali. Mtu huyo huyo anasafiri kwenda harusini Singida, anakaa siku nne, na hakuna anayemwita mvivu. Anakwenda Dodoma mjini kuangalia mpira. Kwa nini kwenda kuangalia jinsi ardhi yake ilivyoumbwa kuwe upuuzi? Mtoto akitoka shuleni akakuuliza ukuta ule wa Kilimatinde umetoka wapi, utamjibu nini? Ukiwa umetembea kati ya kuta za Ol Njorowa, ukaona kwa macho yako mawe yaliyomwagwa na volkano na njia iliyokatwa na maji, utakuwa na jibu. Tena jibu la mtu aliyeshuhudia.

Gharama ni neno la kweli. Sisemi uuze ng'ombe. Sisemi mtoto akose ada ili baba akapande mawe. Lakini vikundi vya kuweka na kukopa tunavyo. Vikundi hivyo hununua mabati, hununua sufuria za sherehe, hukodi basi kwenda mazishi mkoa mwingine. Kikundi cha watu ishirini kinachoweka akiba kidogo kidogo kwa miaka miwili kinaweza kukodi basi. Wananchi wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio kilicho chini ya kile cha wageni wa ng'ombo ya bahari. Bei hubadilika, kwa hiyo ulizeni kabla. Ulizeni pia namna ya kulipa, maana hifadhi za Kenya hazipokei fedha mkononi langoni. Malipo hufanyika kwa simu au kwa mtandao.

Na kama Naivasha ni mbali mno mwaka huu, anzeni na Kolo. Kolo iko mkoani kwetu, kaskazini ya mji wa Kondoa, kando ya barabara ya lami ya kwenda Babati. Pale juu ya ukingo wa Bonde la Ufa kuna mapango yenye michoro ya watu wa kale. Mapango yenye michoro katika nchi ya Kondoa yanazidi 150. Wamechorwa watu, wamechorwa twiga, tembo na pofu, wengi kwa rangi nyekundu. Mwaka 2006 Shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia elimu na utamaduni, UNESCO, liliiweka michoro hiyo katika orodha ya urithi wa dunia nzima. Mama mmoja mtaalamu, Mary Leakey, alifika huko mwaka 1951 akainakili kwa mkono mchoro mmoja baada ya mwingine. Alitoka mbali kuliko Bahi. Kufika kwenye mapango lazima mpande mlima kwa miguu. Mkifika msiiguse michoro kwa vidole, wala msiimwagie maji ili ing'ae. Na mjue kwamba baadhi ya mapango hayo wenyeji bado wanayatumia kwa matambiko yao. Ingieni kama mnavyoingia nyumbani kwa mtu.

Katika nchi hiyo hiyo ya Kondoa mtaona makorongo ya aina nyingine. Hayo si ya kujivunia. Yalichimbwa na maji baada ya miti kukatwa na mifugo kuzidi. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO. Mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa katika sehemu zilizoharibika sana. Wazee waliokuwa wafugaji wakati ule waliumia, na haifai kuficha hilo. Lakini majani na miti vilirudi. Neno hifadhi lina gharama yake, na mara nyingi anayelipa kwanza ni mfugaji. Hata kule Naivasha Wamasai walichunga mifugo yao katika nchi ile kabla haijawekewa lango.

KUPANDA MAWE SI UKICHAA

Sasa turudi Hell's Gate. Ukishaingia langoni unakuta uwanda wenye nyasi, na kuta za mawe mekundu kulia na kushoto. Karibu na lango kuna jiwe moja limesimama peke yake kama nguzo. Urefu wake ni meta 25 hivi. Mibuyu mingi haifiki huko. Jiwe hilo linaitwa Mnara wa Fischer, kwa jina la Mjerumani Gustav Fischer aliyefika hapo mwaka 1883 na kuzuiwa na Wamasai. Jambo la ajabu ni kwamba jiwe lilipewa jina la mtu aliyezuiwa kupita, halikupewa jina la waliomzuia! Wamasai wenyewe wana habari yao. Wanasimulia kwamba jiwe hilo ni msichana. Alikuwa anapelekwa kuolewa, na mila ilimkataza kugeuka nyuma. Akageuka ili akaone kwao mara ya mwisho. Akawa jiwe pale pale.

Watu huupanda mnara huo. Wanaojifunza kupanda mawe huanzia hapo. Ukiwaona kwa mara ya kwanza utadhani wana wazimu, lakini tazama vizuri. Mpandaji amevaa mkanda imara unaozunguka kiuno na mapaja. Kamba nene imefungwa kwenye mkanda huo. Kamba inapita juu, na upande wake wa pili umeshikwa na mwenzake aliyesimama chini. Mpandaji akiteleza, mwenzake anaibana kamba. Yule anayeteleza ananing'inia hewani, anapumua, kisha anajaribu tena. Kichwani amevaa kofia ngumu, maana mawe madogo huanguka. Kabla hajapanda, watu wawili wanakagua fundo la kamba. Mmoja hatoshi.

Mimi napenda sana jambo hilo la watu wawili kukagua fundo. Vijana wetu hupanda mawe makubwa kuwinda pimbi. Hupanda bila kamba, bila kofia, wakiwa peke yao. Wengine wamevunjika miguu, na kila kijiji kina habari ya namna hiyo. Kati yao na wale wa Naivasha, nani ana wazimu?

Kupanda mnara si lazima. Usione haya kukataa. Mzee anaweza kukaa kivulini akala embe huku akitazama wengine. Lakini akina mama wasiambiwe kwamba jambo hilo ni la wanaume. Wanawake wanapanda, tena vizuri, kwa sababu jiwe linataka akili ya kuweka mguu mahali pazuri zaidi kuliko nguvu ya mikono.

Ndani zaidi utaona moshi mweupe ukipanda vilimani. Si moto wa nyika. Ni mvuke. Chini ya ardhi hapo kuna mawe yenye joto kali, na maji yanayoyafikia yanachemka. Mahali hapo panaitwa Olkaria. Visima virefu vimechimbwa, mvuke unapandishwa kwa mabomba, nao unazungusha mitambo ya umeme. Kituo cha kwanza kilianza kazi mwaka 1981, miaka mitatu kabla ya hifadhi kutangazwa. Ndani ya korongo pia maji ya moto hutiririka kwenye kuta. Usiweke mkono kujaribu. Yapo mahali pengine yanaunguza kama maji ya ugali.

MAJI HAYANA HABARI NA JUA LAKO

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike.

Mwaka 2012 kikundi cha vijana wa kanisa walikwenda kutembea Hell's Gate. Wakashuka korongoni. Maji yakaja ghafla. Watu saba wakafa.

Tarehe 1 Septemba 2019, siku ya Jumapili, kundi jingine la watalii lilikuwa ndani ya korongo hilo hilo. Maji yakaja tena. Watu saba wakafa tena. Watano walikuwa watalii wa Kenya, mmoja alikuwa mgeni kutoka nje, na mmoja alikuwa mwenyeji aliyekuwa akiwaongoza. Shirika la wanyamapori la Kenya likalifunga korongo.

Saba na saba. Mahali pale pale, na namna ile ile.

Ilikuwaje? Korongo ni jembamba. Kuna sehemu ambazo mtu akinyoosha mikono anakaribia kugusa kuta zote mbili. Mvua ikinyesha vilimani, maji yote ya vilima hushuka kwenye vijito, na vijito vyote huingia korongoni. Maji yaliyotanda juu ya eneo kubwa sasa yanabanwa katika njia moja nyembamba. Hayana pa kwenda ila juu. Kwa dakika chache tu kina kinapanda kutoka kwenye kifundo cha mguu hadi juu ya kichwa. Na si maji matupu. Ni tope, mawe na magogo.

Ndugu yangu, wewe habari hii si mpya kwako. Mto Bubu unatoka kaskazini, unapita katika nchi ya Kondoa, kisha unamwaga maji yake hapa Bahi. Mara ngapi umeona mto umejaa na hapa kijijini halijadondoka hata tone? Mvua ilinyesha huko juu, jana au usiku. Mkulima wa mpunga wa Bahi huyangojea maji ya mvua ya watu wengine. Mtoto wa hapa akiwa na miaka saba anajua kwamba mchanga wa korongo si mahali pa kulala, hata kama jua linawaka. Hakuna aliyemfundisha kwa kitabu. Alifundishwa na bibi yake kwa kuvutwa sikio.

Mtu wa mjini hajui hivyo. Yeye akitaka kujua kama mvua itanyesha, anatazama juu ya kichwa chake. Akiona anga la bluu anafurahi. Anapiga picha. Kumbe lililompasa ni kutazama kule maji yanakotoka.

Na usidhani ni habari ya Kenya peke yake. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko yaliisomba reli yetu kati ya Kilosa na Gulwe. Reli ya chuma! Tarehe 3 Desemba 2023 maji, tope na mawe viliteremka kutoka Mlima Hanang' vikaingia mji wa Katesh. Watu zaidi ya 80 walikufa. Wengi walikuwa nyumbani kwao.

USIKAE KIMYA KWA SABABU UMEVAA KANDAMBILI

Hapa ndipo maoni yangu yanapopata ukali kidogo. Kundi linaposhuka korongoni kuna watu wa namna nyingi. Yuko dereva mwenye haraka. Yuko kiongozi wa safari aliyeahidi kwamba tutaona kila kitu. Wapo waliolipa na hawataki kurudi bila picha. Na yuko mtu mmoja kutoka kijijini, aliyejifunza kusoma akiwa na miaka arobaini. Anaona wingu jeusi mbali, upande wa vilima. Anasikia moyoni kwamba jambo hili si zuri. Lakini anatazama viatu vya wenzake, anasikia Kiingereza chao, ananyamaza. Anajiambia, "Hawa wamesoma, watakuwa wanajua."

Hapana. Hawajui. Kusoma kwao hakukufundisha korongo. Wewe umefundishwa na korongo lenyewe. Kule kujifunza kusoma ukubwani hakukufuta ulichokijua kabla. Sema. Sema kwa adabu, lakini kwa sauti ya kusikika: "Jamani, kule juu kunanyesha. Tutoke." Wakikucheka, toka wewe. Kaa juu, uwangojee. Heri uonekane mshamba saa moja.

Mvua ikiwa imenyesha vilimani siku hiyo au usiku wake, msishuke kabisa. Kabla ya kuingia, mwulizeni mwongozaji mwenyeji, na si dereva: korongo limefunguliwa leo? Huko juu hali ikoje? Na njia za kupandia kutoka ndani ziko wapi? Njia hizo ni chache, kwa hiyo mfike mkizijua tayari. Msizitafute maji yakiwa yameshafika. Mkiwa ndani, maji madogo yaliyokuwa safi yakianza kuwa na tope, au majani na vijiti vikianza kuelea, au mkisikia mngurumo kama wa treni, acheni mizigo. Pandeni pembeni kwenda juu. Msikimbie kufuata korongo kwenda chini, maana maji yana mbio kuliko ninyi. Na msijaribu kuvuka. Maji yaliyofika magotini tu, yakiwa na kasi, humwangusha mtu mzima mwenye nguvu za kulima.

Wengine watanilaumu. Watasema, "Unatwambia twende, halafu unatutisha." Ni kweli nimetisha. Lakini watu wanakwenda kwa maelfu na kurudi salama, na mimi sitaki hifadhi ifungwe milele kwa sababu ya hofu. Ninachokataa ni korongo kuitwa njia ya matembezi, kama uwanja wa mpira, bila mtu kuambiwa kwamba anatembea ndani ya mto uliolala. Wenye hifadhi wana wajibu wa kuwaambia wageni hivyo langoni, kwa Kiswahili na kwa maneno makubwa. Na mgeni ana wajibu wa kurudi nyuma akiambiwa rudi, hata kama ameshalipa.

Nawe pia uwe na masikio. Korongo unalijua, lakini kamba ya kupandia huijui. Mvuke wa Olkaria huujui. Nyani wa huko wamezoea kunyang'anya watu chakula mikononi, na hao nao huwajui. Mwongozaji akikwambia usipite hapa, usimwambie kwamba wewe umezaliwa mawe yakikutazama.

MKIAMUA KWENDA

Wakati mzuri kwetu ni baada ya mavuno, tangu Juni hadi Agosti. Kazi zimepungua, na aliyeuza ufuta au alizeti ana fedha kidogo. Naivasha nako miezi hiyo mvua si nyingi kama ya Aprili na Mei. Lakini msisahau kwamba ile ajali ya mwaka 2019 ilitokea Septemba, mwezi ambao watu wengi hawangojei mafuriko. Kalenda haitoshi. Tazameni wingu.

Kutoka Dodoma barabara inapita Kondoa, Babati na Arusha hadi mpakani Namanga, kisha Nairobi na Naivasha. Si safari ya siku moja. Laleni njiani. Miezi miwili kabla, mtu mmoja wa kikundi aende ofisi ya Uhamiaji Dodoma aulize hati za kusafiria zinazotakiwa, aandike majibu kwenye daftari na kuwasomea wenzake darasani. Jambo hilo lisiachiwe mwenye basi.

Naivasha iko juu kuliko Bahi, na asubuhi ni baridi. Chukueni sweta. Chukueni maji ya kunywa, maana ndani ya korongo ya kunywa hayapatikani. Kamba, mikanda na kofia za kupandia mawe msinunue. Ulizeni kwa waongozaji huko huko. Viatu viwe vya kufunga, vyenye soli isiyoteleza. Visiwe vipya. Vaeni vile ambavyo miguu yenu imeshavizoea, mkivipata mnadani mapema mwezi mmoja kabla ya safari na kuchungia navyo mbuzi.